Uso wa Mzee Jivraj na Ulimi wa Paka

Chap, chap, chap.

Majogoo wa Nyakato walikuwa hawajaanza kugombana, msikitini hawajawasha kipaza sauti, nami nasikia mtu anakula chumbani kwangu. Anakula taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kwa heshima zote.

Nikasema ni panya. Kisha nikajijibu mwenyewe: panya hutafuna, halambi.

Nikapapasa simu chini ya mto, nikawasha tochi.

Bwana Afya alikuwa juu ya meza. Bwana Afya ni paka wangu. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakuna sufuria mtaani ambayo hajaikagua. Miguu ya mbele ameikita juu ya picha yangu, ulimi nje, macho ameyafumba kwa raha. Mwanga ulipompata akanitazama kama afisa aliyeingiliwa ofisini bila hodi, kisha akaendelea na kazi.

Alikuwa anamlamba mzee Jivraj usoni.

Nilipomtimua, usoni hapakuwa na kitu. Ilibaki kofia, sikio moja na tai.

Nikakaa sakafuni.

Wewe ambaye wiki jana hukuisoma safu yangu hii usione haya, hata binti yangu Rebeka haisomi. Nitakufupishia, kisha turudi kwa paka.

Naitwa Paskazia. Ujana wangu niliumalizia gizani, nimeshika tochi, katika sinema ya Gulshan ya mzee Jivraj hapa mjini Mwanza. Kila Jumatano alasiri palikuwa na onyesho la akina mama. Mwanamume haingii, awe mume wa nani. Na kwa kuwa waliokuwa wakionyesha watu viti wote walikuwa wanaume, mzee akanichukua mimi, msichana wa Bujora niliyekuwa sijawahi kuona hata ngazi, nimulike njia. Akina mama wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kisukuma, wote niliwakalisha kwa tochi ile. Shamsha, binti yake mzee, ndiye aliyekuwa dirishani akikata tiketi.

Leo Gulshan ni ghala la magodoro. Mimi na Shamsha ni mabibi, na macho ya Shamsha yameharibiwa na presha ya macho. Anaona vivuli tu. Mwanawe Aftab anamhamishia kwake Dar es Salaam.

Kabla ya kuhama akanikabidhi katoni. Ndani mlikuwa na vishina vya tiketi, mabango yaliyokunjwa hadi yakachoka, vipande vya filamu, kitambaa cha kiti, na picha ya baba yake, pekee iliyobaki duniani. "Paska," aliniambia, "nitengenezee Gulshan nitakayoiona kwa vidole." Nami nikaanza kukata na kubandika juu ya mgongo wa kabati bovu. Picha ya viraka.

Aftab alituambia gari limejaa na ukuta wake ni mdogo. "Kama ni picha ya babu, itakwenda," alisema. "Kama ni takataka za sinema, zibaki Mwanza na wenye nazo."

Kwa hiyo uso ule ndio uliokuwa tiketi ya picha nzima. Bila uso, Gulshan yote ilikuwa inabaki.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikaa sakafuni.

Nadhani nilipiga yowe, maana mlango ulisukumwa na Bernadeta akaingia na kanga moja. Bernadeta ni jirani yangu, mtu wa Ukerewe, mwuza dagaa. Ana mdomo wa kupaa samaki. Ukipita mbele yake unatoka huna magamba.

"Mama Rebeka! Umefiwa?"

"Nimeliwa."

Akaitazama picha. Akamtazama paka, aliyekuwa anajifuta masharubu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akainama akainusa picha.

"Gundi hii uliipikia wapi?"

Niwakumbushe. Wiki jana niliwaringia hapa hapa kwamba gundi ya dukani mimi siitaki, inakakamaza karatasi ikawa kama chapati ya juzi. Mimi hupika yangu kwa unga wa muhogo, nakoroga hadi inakuwa kama kioo. Niliringa sana. Nadhani hata herufi zilikuwa zimenenepa.

"Kwenye sufuria," nikasema.

"Sufuria ipi?"

"Uliyoniazima."

"Ile ya mpini mmoja?"

"Hiyo hiyo."

Bernadeta akashika kichwa. "Mayo! Sufuria ile tangu inunuliwe haijui kitu kingine ila dagaa! Hata ukiichemshia maji ya baraka, paka atakwenda kuungama."

"Niliiosha."

"Uliiosha kwa nini, kwa rozari? Ile haioshwi, ile inahamwa." Akaanza kucheka, akajikalia kitandani kwangu. "Siku zote najiuliza, huyu mama mzima, kutwa na mkasi kama mtoto wa chekechea, anatafuta nini. Kumbe alikuwa anampikia paka. Hebu niambie, hapa palipolambwa ndipo palipokuwa pazuri?"

"Toka, Bernadeta."

"Natoka. Lakini usimpige paka. Yeye peke yake ndiye aliyeona kazi yako ina ladha."

Akatoka anacheka hadi uani. Nikabaki nampangia Mungu adhabu za kumpa.

Palipokucha nilikagua hasara. Paka alikuwa na akili ya mwizi wa duka: alichukua kimoja, cha thamani. Ukumbi ulikuwa mzima, ule niliouezeka kwa vishina vya tiketi, kimoja juu ya kingine kama vigae. Pazia la vipande vya filamu lilikuwepo. Hilo halishiki gundi, nililishona kwa uzi wa nyavu. Foleni ya akina mama niliowakata kwenye mabango, sari zao na kanga zao, wote walikuwa wamesimama. Kwenye mlango wa Gulshan tu ndipo palipokuwa na kofia inayoelea juu ya tai.

Nikachukua wembe nikabandua vijipande vya pembeni ambavyo tochi haikunionyesha. Kipande cha kidevu. Nusu ya sharubu. Nikavifunga kwenye pindo la leso. Sikio niliogopa kuligusa, nikaliacha pale pale.

Jua lilipopanda akaja Rebeka, na nyuma yake mumewe, Chenge.

Chenge ana duka la steshenari karibu na stendi ya Buzuruga. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na wikiendi anapamba kumbi za harusi kwa maua ya plastiki. Kwenye bango la duka amejiandika msanii. Nilipoliona bango lile mara ya kwanza nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi, na sikujificha.

Kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, hamtazami usoni, wala hawajibizani. Tunaheshimiana mpaka tunashindwa kusaidiana. Basi Chenge akasimama nje ya pazia la mlango, Rebeka akakaa katikati kama waya wa simu.

"Mwambie mwenzako aseme alilojia," nikaanza.

"Mama, anakusikia."

"Mwambie hata hivyo."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambie Mama, mimi nilisema ile picha tuitoe kopi kabla haijabandikwa."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nakumbuka na nilivyomjibu."

Nilimjibu vibaya, wasomaji wangu. Nilisema mbele ya wageni, siku ya komunyo ya mtoto wao, kwamba kopi ni kivuli cha kivuli, na kwamba mtu anayemwagia maji maua ya plastiki asinifundishe mambo ya picha. Wageni walicheka. Yeye aliinamia sahani yake.

Pazia likatikisika kidogo.

"Mwambie Mama sikukasirika."

Hilo liliniuma kuliko ulimi wa paka.

"Mwambie Mama pia," akaendelea, "kwenye mabango yake hakosi mtu mwenye masharubu kama ya yule mzee. Akate, abandike."

"Mwambie mwenzako huo ni uongo!"

"Mwambie Mama, masharubu ni masharubu."

"Mwambie mwenzako mzee Jivraj hakuwa masharubu, alikuwa mtu! Nilipokuwa na mimba yako wewe Rebeka, miguu imevimba kama mihogo, alinichongeshea kigoda akakiweka nyuma ya pazia la ukumbi. Akasema kaa hapo Paskazia, hawa akina mama wanavijua viti vyao kuliko wewe. Halafu nimbandike uso wa nani? Wa mtu wa sinema? Mwambie mwenzako akapambe ukumbi!"

Nikasikia Chenge anasogeza viatu mchangani.

Rebeka akanitazama. Safari hii hakuwa waya wa mtu. "Mama," akasema polepole, "kwani Mama Aftab ataona?"

Hata Bwana Afya aliacha kujilamba.

Ningependa kuwaambia nilimfukuza binti yangu kwa neno lile. Sikumfukuza. Nilimwambia akanijazie maji ndoo, na alipotoka nikavuta mabango kutoka chini ya kitanda.

Nikayatandaza yote. Wapenzi, mapolisi, mama wanaolia, vijana wa karate wamepaa hewani. Katika watu wote wale, mwenye masharubu yanayokaribia ya mzee Jivraj alikuwa mmoja tu.

Alikuwa jambazi.

Nilimkumbuka vizuri. Mwisho wa filamu yake alikuwa anatupwa kutoka ghorofani, na akina mama wa Jumatano walikuwa wanasimama juu ya viti kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nawamulika kwa tochi ili washuke, hawashuki. Mama mmoja wa Igoma alikuwa anamtupia kiatu kila wiki, na kila wiki namrudishia.

Nikamkata jambazi. Nikamwacha na bastola yake mezani, nikachukua kichwa. Mzee Jivraj alivaa miwani, basi nikamvua miwani daktari wa bango lingine, nikamvalisha yeye.

Nilihitaji gundi. Nikafungua mlango niende kuazima sufuria popote pale isipokuwa kwa Bernadeta.

Kizingitini palikuwa na sufuria mpya kabisa, karatasi ya dukani bado imeibana ubavuni. Ndani mna kifuko cha unga wa muhogo. Hakuna mtu. Upande wa pili wa ua Bernadeta alikuwa anaanika dagaa, amenipa mgongo, anaimba kwa nguvu wimbo wa kwaya ambao haujui.

Na mimi, kwa kiburi changu, sikumshukuru.

Nikapika gundi ndani ya sufuria ya huruma, nikabandika uongo. Jambazi akakaa chini ya kofia ya mzee Jivraj kana kwamba alishonewa. Alikaa vizuri kuliko mwenyewe. Watu wabaya ndivyo walivyo, popote wanaenea.

Siku ya kwenda kwa Shamsha nilisikia mtu anakohoa nje, kikohozi cha mtu asiye na kifua. Nilipotoka hakuwepo. Alikuwa ameegemeza ukutani fremu ya mbao, imepigwa msasa hadi inateleza kama ngozi ya kambale. Kwenye kona moja alikuwa amechomeka ua moja dogo la plastiki.

Nikalichomoa lile ua, nikalitazama. Nikalirudisha.

Shamsha anakaa ghorofani, mtaa wa Rufiji. Bajaji ilinishusha chini, nikapanda ngazi na picha kichwani, ndani ya fremu ile, imefungwa kwa kanga. Aftab alinifungulia.

"Shikamoo, Mama Rebeka."

"Marahaba, mwanangu."

Mkewe, Minaz, alikimbilia kutandaza gazeti kwenye kochi. Sikujua kama ni kwa ajili ya picha au kwa ajili yangu, nami sikuuliza. Lakini aliniona ninavyohema, akaniletea maji ya vuguvugu bila kuombwa, ya vuguvugu hasa, kama wanavyopenda wenye meno yangu. Mdomo wake haukuwa na tabasamu, ila mkono wake ulikuwa umelelewa vizuri.

Aftab akafunua kanga. Akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo mliyokuwa mnaifanya muda wote huu?"

"Ndiyo hii."

"Tiketi zilizochanwa."

"Zilizochanwa ndizo zilizoingia ukumbini, mwanangu. Nzima hazikuona kitu."

Akaguna. "Mama alikuwa anasema sanaa, sanaa. Nikadhani kuna rangi. Minaz, njoo uone. Hivi vitu si ni vya kufagia?"

"Vilifagiwa," nikasema. "Mama yako ndiye aliyevizoa."

Minaz akainama kutazama foleni ya akina mama. "Wamependeza," akasema, kwa sauti ya chini.

"Wamependeza wapi? Hawana hata miguu!" Aftab akasogea mlangoni pa Gulshan. Akapinda shingo. "Na huyu ndiye babu? Mbona kama anataka kumpiga mtu?"

Aftab alizaliwa babu yake ameshazikwa, na ile picha mama yake alikuwa anaificha chini ya nguo kwa kuwaogopa hao hao watu wa kufagia.

"Babu yako alikuwa na siku zake," nikasema.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mdomo, na ulitoka laini, kama ute wa mlenda. Mtu aliyenipa kigoda, nimemfanya mkorofi mbele ya mjukuu wake.

"Paska amekuja?"

Shamsha alitoka chumbani, mkono ukutani. Amepungua. Nywele zake amezisuka mkia mmoja kama zamani za dirishani. Nikamshika, nikamkalisha, nikamwekea picha mapajani.

Akaanza na paa.

"Hii nene," akasema. "Balkoni." Vidole vikasogea. "Hizi nyembamba, za chini, za wavulana wa mbegu za maboga. Na hii..." Akatabasamu. "Imekatwa pembe. Ya Jumatano! Paska, umeweka za Jumatano!"

"Nimeziweka katikati."

"Pazia lina matundu. Ni filamu. Na hapa ni... subiri usiniambie. Kitambaa cha kiti. Kiti cha wapi?"

"Mstari wa nyuma, alipokuwa anakaa mama yako."

"Sogeza tochi, sioni," akasema, na sisi wawili tukacheka kicheko ambacho Aftab na Minaz hawakukielewa. Ndivyo mama yake Shamsha alivyokuwa akinifokea.

Nilitamani vidole viishie hapo. Havikuishia. Vikashuka mlangoni, vikapata kofia. Vikapata sikio, vikakaa juu ya sikio kwa muda. Kisha vikaingia usoni.

Vikasimama.

Vikarudi kwenye sikio. Vikaingia tena usoni, polepole sana, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu.

Mimi nilikuwa natazama dari. Dari lao lina feni. Nililijua lile feni kuliko fundi wake.

"Vipi, Mama?" Aftab akauliza. Alikuwa ameshika utepe wa gundi na blanketi la kufungia. "Ndiye babu? Maana mimi neno langu nimeshasema."

Shamsha akainua uso. Macho yake yalielekea kwangu, ingawa najua hayakuniona.

"Ndiye," akasema. "Baba yangu huyu. Mfunge vizuri, asije akachubuka njiani."

Aftab akashusha mabega. Nadhani hata yeye alifurahi, basi tu hajui kufurahi bila kukunja uso. Akatoa simu, akapiga picha, akarudi nyuma, akapiga nyingine. "Ngoja nikatafute kamba," akasema, akatoka barazani. Shamsha akamwomba Minaz atuwekee chai, ya tangawizi, iive sana.

Tukabaki wawili.

"Paska."

"Naam."

"Picha ya baba yangu ni ya karatasi nene, nimeishika tangu nilipoanza kupoteza macho. Hii ni karatasi ya bango." Sauti yake ilikuwa ya kukata tiketi, haina baridi wala moto. "Nani huyu nimemwita baba?"

"Jambazi."

"Yupi?"

"Yule wa kutupwa ghorofani."

Akajifunika mdomo kwa shali. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemwua rafiki yangu. Nikamshika mkono, ndipo nikasikia: anacheka. "Wa kiatu cha mama wa Igoma?" akauliza. "Huyo? Umemvisha kofia ya baba?" Akacheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko.

"Kwa nini hukusema mbele yao?" nikamwuliza.

"Ningesema, picha ingebaki. Vidole vyangu vingekwenda Dar es Salaam kushika nini, rimoti?" Akajifuta. "Baba yuko wapi?"

Nikafungua pindo la leso. Nikamwekea kiganjani kile kipande cha kidevu na nusu ya sharubu.

"Kwingine kote kalamba paka. Gundi nilipikia sufuria ya dagaa. Mkwe wangu alitaka atoe kopi, nikamcheka. Nisamehe, Shamsha. Anitukane nani sasa, kila mtu ananifanyia wema."

"Paka gani?"

"Bwana Afya."

"Baba alikuwa anawaogopa mabwana afya kuliko jela," akasema. "Kila mwaka walikuja kukagua vyoo." Kidole chake kilikuwa kinazunguka juu ya kidevu, kinazunguka, kinazunguka. "Hapa hapa alikuwa anajikata akinyoa."

Ningependa angenitukana. Niliomba moyoni anitukane.

Badala yake tukasikia hatua za Aftab barazani, na si peke yake. Alikuwa na sauti ya mtu mwingine mkononi.

"Mama," akasema akiingia, "niliituma picha kwenye grupu la familia, watu wafurahi." Kamba alikuwa ameiacha. "Mjomba Zeeshan yuko hewani kutoka Kanada. Anasema huyu mtu anamjua. Anasema si babu."

Zeeshan ni kaka mkubwa wa Shamsha. Alimzika baba yao kwa mikono yake.

"Shamsha!" simu ikanguruma. "Shamsha, uko hapo? Nani huyu kavishwa kofia ya baba? Nani kafanya mchezo huu?"

Minaz alikuwa amesimama mlangoni na sinia, vikombe vinagongana. Aftab alinitazama mimi, kisha picha, kisha mimi tena. Taratibu, bila kuondoa macho, akaliweka blanketi la kufungia chini.

"Mama," akasema. "Mjibu mjomba."

Kiganja cha kushoto cha Shamsha kilikuwa kimefumba juu ya kidevu cha baba yake. Cha kulia kikanitafuta, kikapata goti langu, kikalibana hadi mfupani.

Akainama sikioni kwangu wakati simu inasogezwa usoni pake.

"Paska, lolote nitakalosema sasa lisikukimbize. Jumatano njoo tena, nitakuwa sijasafiri."